Shangazi Aliyeungua: Swali Kuhusu Holi

Katika hadithi kuu ya Holi kuna mtoto, kuna baba yake, na kuna shangazi. Mtoto anapona, baba anauawa baadaye, shangazi anaungua. Kila mwaka, usiku wa mwezi mpevu wa Phalguna, Wahindu wa India, Nepal, Mauritius, Nairobi, Dar es Salaam na Lilongwe huwasha moto kukumbuka kuungua kwa shangazi huyo, na kesho yake hupakana rangi mitaani na uani. Swali ninalouliza ni hili: je, ni halali kushangilia mtu aliyeungua, hata kama alikuwa mbaya? Nauliza nikiwa Dzaleka, mahali ambapo watu wengi walifika wakikimbia moto, na hapa swali hilo si la darasani tu.

Kwanza hadithi yenyewe, maana wasomaji wengi wa Kiswahili tunaijua Holi kwa picha za watu waliojaa rangi usoni na hatujui kilichotokea usiku uliotangulia.

Mfalme Hiranyakashipu alifanya ibada ngumu kwa muda mrefu mpaka mungu Brahma akamjalia ombi. Aliomba kwa ujanja wa wakili. Asiuawe na mtu wala mnyama, ndani ya nyumba wala nje, mchana wala usiku, ardhini wala angani, wala kwa silaha yoyote. Alipopewa akaona kifo kimekwisha, akaamuru aabudiwe yeye peke yake. Mtoto wake wa kuzaa, Prahlada, akakataa. Aliendelea kulitaja jina la Vishnu mbele ya baba yake, nyumbani na kwa walimu wake. Mfalme akajaribu sumu, akajaribu nyoka, akaleta tembo wamkanyage, akaamuru atupwe kutoka mlimani. Mtoto hakufa. Mwisho akamwita dada yake, Holika, ambaye moto haukuwa na nguvu juu yake. Wengine husimulia kuwa alijaliwa hivyo, wengine kwamba alikuwa na shuka ambalo aliyejifunika haungui. Holika akakaa juu ya kuni, akampakata mtoto wa kaka yake, moto ukawashwa. Shuka likapeperuka likamfunika mtoto. Au, kwa wale wa simulizi nyingine, kinga yake ilifaa kama angeingia motoni peke yake, na siku hiyo hakuwa peke yake. Akaungua yeye, Prahlada akatoka.

Mfalme naye alikuja kuuawa na Vishnu aliyetokea ndani ya nguzo akiwa nusu mtu nusu simba, wakati wa machweo, kizingitini, akiwa amelazwa mapajani, kwa kucha. Kila neno la mkataba liliheshimiwa na bado akafa. Sisi ambao maisha yetu yamejaa fomu na vifungu tunaipenda sana sehemu hii. Lakini Holi haikuchukua jina la mfalme wala la mtoto. Imechukua jina la shangazi.

Huitwa sikukuu ya majira ya kuchipua, na kwa India Kaskazini ni kweli, baridi inaondoka na ngano inakaribia kuvunwa. Huku kwetu mwezi wa Machi mvua zinaelekea kuisha na mahindi ya Dowa yanaanza kukauka mashambani. Majira yamepinduka, sikukuu imebaki na tarehe yake. Nadhani hivyo ndivyo sherehe za watu waliohama zinavyokuwa zote. Warundi wa hapa kambini wanapiga ngoma zao bila milima yake.

Mwezi wa Machi 2025 nilikuwa Lilongwe kwa kibali cha siku moja, nikaingia katika duka moja la vitambaa katika Mji wa Zamani. Mwenye duka alikuwa mzee wa asili ya Gujarat, mzaliwa wa Malawi, na masikioni mwake kulikuwa na rangi ya waridi ambayo sabuni haikuifikia. Nikamwuliza kwa Kichewa, kwa heshima, kama si vibaya kuuliza. Akacheka, akasema, “Achimwene, kaa.” Akanieleza moto wao ulivyokuwa. Sikutegemea alichokitaja kwanza. Hakumtaja mfalme. Alisema wanatia nazi motoni, na tende, na dengu, kisha nazi ile hutolewa ikiwa imeiva, ikagawanywa ikaliwa. Akasema mtoto aliyezaliwa mwaka huo hubebwa na wazazi wake wakauzunguka moto. Mwaka ule alikuwa na mjukuu. Na majivu ya asubuhi, akasema, tunajipaka hapa, akagusa paji la uso.

Nikamwuliza, “Majivu ya Holika?” Akafikiri kidogo. “Ya Holika, ndiyo.”

Nimeyafikiria majivu hayo tangu siku ile. Mtu hajipaki usoni mabaki ya kitu anachokichukia tu. Nitarudi hapo, lakini sitaki kuruka ubaya wa hadithi kwa sababu ya uzuri wa desturi.

Ubaya wenyewe kwetu ni huu. Hadithi inasema moto unajua mwenye hatia. Wawili wameingia, mmoja mwema, mmoja mwovu, na moto umechagua. Anayeyajua Maziwa Makuu hawezi kulisikia jambo hilo bila kushtuka. Tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya wakimbizi ya Gatumba, upande wa Burundi karibu kabisa na mpaka wa Congo, watu zaidi ya 150 waliuawa usiku mmoja, wengi wao Banyamulenge waliotoka Kivu Kusini. Walipigwa risasi, walikatwa mapanga, na wengine waliungulia ndani ya mahema. Walikuwamo watoto wengi. Moto ule haukuchagua chochote. Kama kupona ni dalili ya usafi wa moyo, basi waliokufa Gatumba wameshtakiwa na kuhukumiwa pamoja, na sisi tuliobaki tumepewa cheti ambacho hatukukiomba.

Mtu atasema hiyo ni hadithi ya Wahindu, haituhusu. Inatuhusu, kwa sababu tunayo sisi pia. Wakristo tuna vijana watatu, Shadraka, Meshaki na Abednego, waliotupwa katika tanuri la Nebukadneza kwa kukataa kuisujudia sanamu. Waislamu wana Nabii Ibrahim aliyetiwa motoni na watu wake, na Mwenyezi Mungu akauamuru moto uwe baridi na salama kwake. Dini tatu zinazokutana katika mitaa ya maduka ya Lilongwe zina mtu mmoja yule yule, aliyekataa kuinama, akatiwa motoni, akatoka. Na katika makanisa ya turubai hapa kambini nimesikia mara nyingi ikihubiriwa kwamba Mungu alikuokoa wewe kwa kuwa ulikuwa na imani, au kwa kuwa ana kazi na wewe. Wanaoitikia amina wanajua majina ya jirani zao waliokuwa na imani kuliko wao na hawakufika.

Tena Dzaleka ina historia yake katika jambo hili. Kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, mahali hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Kamuzu Banda. Banda alitangazwa rais wa maisha mwaka 1971. Mashahidi wa Yehova wa Malawi walikataa kununua kadi ya chama chake, kwa kuwa dhamiri yao haikuwaruhusu kujifunga na chama chochote. Dini yao ilipigwa marufuku mwaka 1967. Walipigwa, nyumba zao zilichomwa, na kuanzia mwaka 1972 maelfu walikimbilia Zambia na Msumbiji. Kadi ndogo tu ya chama! Wengi waliowaona waliwaambia wanunue tu, si kitu. Prahlada naye angeweza kulitaja jina la baba yake mara moja na kumaliza. Walikuwa akina Prahlada hasa, tofauti ni kwamba hakuna shuka lililopeperuka.

Basi hadithi inadanganya? Nimejadiliana na wenzangu wa darasa mpaka tumechoka, na msimamo wangu sasa ni kwamba hadithi inadanganya ikisomwa kama ahadi, na inasema kweli ikisomwa kama hukumu. Haimwahidi mtoto yeyote kwamba hataungua. Inasema nani alikuwa na haki pale, mfalme au mtoto, na inasema bila kigugumizi, wakati ambapo katika maisha ya kawaida mshindi ndiye huandika kwamba haki ilikuwa yake. Wale vijana watatu wa Danieli walilijua hilo kuliko wahubiri wetu: walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawataisujudia ile sanamu. Ule upande wa pili wa maneno yao hauhubiriwi sana. Nadhani ndio wenye uzito. Aliyekataa alikuwa na haki tangu alipokataa, kabla kuni hazijaletwa. Moto haukuongeza kitu.

Lakini jibu hilo linamsaidia Prahlada tu. Bado kuna Holika.

Tuangalie alifanya nini. Kaka yake, ambaye ni mfalme, alimwamuru, akatii. Hadithi haisemi alimchukia mtoto. Kwetu shangazi ana nafasi kubwa. Ni baba wa kike, ndiye mtoto humkimbilia akigombana na wazazi. Prahlada pengine alikaa mapajani pale bila kuogopa kwa sababu alikuwa amezoea kukaa hapo. Ndiyo maana kosa la Holika ni zito kuliko la tembo na nyoka. Alitumia kitu kilichokuwa kinga yake, na mapaja ambayo mtoto aliyaamini, kumuua.

Kutii amri hakumtoi hatiani. Watu wa eneo letu tumelipia somo hilo kwa gharama kubwa. Katika mahakama za gacaca kule Rwanda, baada ya 1994, wengi walisema waliamriwa, na baadhi walikuwa wanasema kweli, na bado jirani alikuwa amekufa kwa mikono yao. Kwa hiyo sitamtetea Holika kwa hoja ya amri. Ninachouliza ni tofauti. Mtu mwenye hatia akiungua, mimi niliyesimama pembeni nina haki gani ya kupiga vigelegele?

Na hapa nina hofu ambayo mwenye duka hakuwa nayo, kwa kuwa yeye haishi ninapoishi. Malawi, Tanzania, Congo, kote kuna vikongwe wanaouawa kwa kuitwa wachawi. Anayeshtakiwa mara nyingi ni nani? Ni mwanamke mwenye umri, asiye na mume, ndugu wa baba, aliyempakata mtoto siku mbili kabla mtoto hajaugua. Ni shangazi. Na kuna vijana ambao mwizi akishikwa hukimbilia tairi na petroli. Jamii yenye mazoea hayo ikipewa hadithi ya jitu la kike linaloungua huku watu wakiimba, itaielewa upesi mno. Kuchoma sanamu kunaweza kuwa mazoezi ya kuchoma mtu. Nasema kunaweza, si lazima.

Nilipoisoma tena hadithi kwa hofu hiyo niliona jambo linaloitenga na tairi zetu. Umati haukumchoma Holika. Hakuna mwananchi aliyemshika, hakuna aliyemshtaki, hakuna aliyewasha kiberiti kwa ajili yake. Kuni ziliwekwa kwa amri ya mfalme, ili kumuua mtoto. Holika aliingia kwa miguu yake akiamini yeye atatoka. Hivyo anayewasha moto wa Holi leo, tukifuata hadithi sawasawa, anashika nafasi ya watumishi wa mfalme, wala si ya Prahlada. Anarudia jaribio la kuua ili aone likishindwa. Sijui kama Wahindu wanaliona hivyo, na sidai kuwafundisha sikukuu yao. Lakini ndivyo matendo yanavyosema, na yanalingana na mtoto mchanga anayezungushwa motoni. Kinachosherehekewa ni mtoto kurudi mikononi mwa mama yake. Kuungua kwa shangazi ni bei iliyolipwa, na bei hiyo ililipwa na familia hiyo hiyo moja. Prahlada, asubuhi, alikuwa mtoto aliyepoteza shangazi. Ndiyo maana, nadhani, majivu hayatupwi. Yanapakwa kwenye paji la uso, mahali pa heshima.

Kwa Makunduchi, Unguja, kuna jambo linalokaribia hili. Katika Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai, wanaume wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba, wanatoa hasira za mwaka mzima, na kibanda cha makuti huchomwa moto baada ya watu kuingia ndani, nao wakatoka mbio. Wanatoka. Sherehe inakwenda karibu kabisa na kifo ikasimama. Ningependa vijana wa tairi na petroli wakaone hilo: kuna watu wazima wanaojua kuuchezea moto bila kuacha maiti.

Sasa rangi. Siku ya pili haina maswali magumu kama ya kwanza, ingawa ina lake. Husimuliwa kwamba Krishna, ambaye ngozi yake ni nyeusi au ya buluu, alilalamika kwa mama yake Yashoda kuwa Radha ni mweupe na yeye sivyo. Mama akamwambia akampake Radha usoni rangi yoyote anayotaka. Hadithi ndogo, ya kuchekesha, lakini katika mji ambao makopo ya krimu za kung'arisha ngozi yamepangwa madukani, ningewashauri akina mama waitafakari. Yashoda hakumpa mwanawe dawa ya kujichubua.

Siku hiyo ya rangi mkubwa hupakwa na mdogo, tajiri na maskini, na msemo wao ni kwamba usikasirike, ni Holi. Sisi tunaufahamu mtindo huo kwa jina la utani. Swali ni kama usawa wa siku moja ni usawa au ni kiburudisho cha wenye nacho. Nilimwuliza kijana Mmalawi aliyekuwa akikunja vitambaa pale dukani kama naye alimpaka bosi. Akasema ndiyo, alipakwa na akapaka, kisha akaongeza kwamba mshahara haukubadilika rangi. Mzee alisikia, akacheka kuliko sisi.

Mimi sikucheka sana. Mwaka 2023, mwezi wa Mei, serikali iliwaondoa wakimbizi Lilongwe na miji mingine warudi Dzaleka, kambi iliyopangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000 na ambayo tayari ilikuwa na zaidi ya 50,000. Maduka yalifungwa, watu walipakiwa magarini. Nilimwambia mzee kwamba baadhi ya waliofungiwa walikuwa wanauza vitu vile vile anavyouza yeye. Alinyamaza. Kisha akanieleza kuwa miaka ya 1970, enzi za Banda, wafanyabiashara wa Kiasia waliondolewa vijijini na katika miji midogo, wakaambiwa wakae mijini tu, na baba yake aliacha duka ambalo babu yake alilijenga. Wakati huo huo Amin alikuwa amewafukuza wa Uganda moja kwa moja, mwaka 1972, kwa hiyo walijihesabu wenye bahati. Wao waliambiwa wasitoke mjini. Sisi tunaambiwa tusiingie. Tulikaa na jambo hilo kidogo, mteja akaingia.

Sikukuu haiwezi kushtakiwa kwa makosa ya sheria. Hata hivyo hadithi ya Holi inaanza na mfalme aliyejitengenezea maneno ya kisheria yasiyopenyeka, na watu wanaoikumbuka kila mwaka wana sababu ya kuyatazama kwa makini maneno kama hayo yanapoandikwa juu ya watu wengine. Hilo namdai mzee yule, na namdai kwa upole, maana alinipa kiti na chai.

Niliporudi kambini niliwasimulia wenzangu wawili. Mmoja, dada kutoka Burundi, alisema yeye rangi angeikubali, moto asingeusogelea hata kwa hatua ishirini, na asiulizwe sababu. Mwingine, wa Uvira, alisema kinyume: rangi ni mchezo wa watoto, lakini angetaka kusimama mbele ya moto ule na mtoto wa dada yake mgongoni, auzunguke mpaka mwisho, amwonyeshe mtoto kwamba kuna mioto ambayo watu huizunguka wakarudi nyumbani kula nazi. Walibishana mpaka giza. Mimi nilikuwa upande wa yule wa Uvira, lakini sikuona neno la kumwambia dada yule, na sikulitafuta.